Pikapu Mpya na Tela Lake katika Njia za Mlimani



Katika barua za mwezi huu imo moja iliyotoka Marangu, ya ndugu wawili waliochanga fedha zao pamoja na za mama yao ili wanunue pikapu mpya. Wanataka kupelekea ndizi sokoni Mwika na Moshi mjini, na kupandishia majani na mabua ya ng'ombe kutoka mashamba ya tambarare. Na siku nyingine wachukue mchanga na saruji za wajenzi. Muuzaji amewashauri waagize na tela papo hapo, pamoja na "vifaa vyote vya kuvutia", kwa bei moja. Nao wanauliza: vifaa hivyo ni vipi, na katika hivyo vya lazima ni vipi?

Twawashukuru kwa kuuliza kabla fedha hazijatoka mkononi. Aghalabu mnunuzi huuliza rangi, na viti, na redio, na habari ya kuvuta tela haimjii moyoni ila siku mzigo ulipozidi. Hapo huitwa fundi wa kuchomelea wa jirani, naye akabandika kipande cha chuma kwenye bampa ya nyuma, na kazi ikaanza siku ile ile. Bampa si mahali pa kuvutia kitu. Chuma cha kuvutia tela hapana budi kifungwe kwa bolti kwenye chasisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, na kiwe cha aina iliyokusudiwa gari hilo, kimeandikwa juu yake uzito kinaouweza. Kisichoandikwa uzito hakifai kununuliwa, hata kikiwa kinang'aa kama fedha.

Jambo la kwanza, basi, ni uzito. Kila gari jipya huja na kitabu chake, na ndani yake mmeandikwa uzito wa tela linaloruhusiwa. Msitosheke na tarakimu moja, maana ziko mbili: moja ya tela lenye breki zake lenyewe, na nyingine ya tela lisilo na breki. Tofauti yake ni kubwa mno. Mathalan, baadhi ya Toyota Hilux za miaka hii ziuzwazo Uingereza na Australia zimeandikiwa kilo 3,500 kwa tela lenye breki, na kilo 750 tu kwa lisilo nazo. Gari lenu huenda likawa na hesabu nyingine. Someni kitabu chake ninyi wenyewe, wala msimwachie muuzaji awasomee.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Hizo kilo 750 ni pamoja na tela lenyewe. Tela la chuma likiwa na kilo 300, zimebaki 450, nazo ni mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, basi. Ama mchanga, mita moja ya ujazo huwa na kiasi cha kilo 1,600. Tela dogo lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.2 na ubavu wa sentimeta 40, likijazwa sawasawa na ukingo, limebeba kilo 1,500 na zaidi. Kwa macho huonekana mzigo wa kawaida. Kwa hakika ni mara mbili ya kiasi kilichoruhusiwa, na uzito wa tela bado haujatiwa. Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu hawa ni wazi. Ikiwa mchanga umo katika nia yenu, nunueni tela lenye breki, au msinunue tela kabisa, mkodi lori siku ya mchanga. Kwa ndizi na majani peke yake, tela jepesi lisilo na breki laweza kutosha.

Juu ya majani nako liko neno. Mabua ni mepesi, lakini hupandishwa juu sana hata yakafunika taa na kioo cha dereva, kisha juu yake huketi akina mama waliotoka kuyakata. Hili tumelizoea kwa macho yetu, na mazoea hayalifanyi kuwa salama. Tela si mahali pa kuketi mtu, hata likiwa tupu.

Uzito mwingine, usiosemwa na wauzaji, ni ule unaolemea chuma cha kuvutia kutoka juu. Tela likipakiwa vizuri, kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wake hulalia nyuma ya gari: tela la kilo 1,200 hulemea kwa kilo 120 hivi. Hizo huhesabiwa ndani ya mzigo wa pikapu, wala si nje yake. Na kitabu huonyesha kikomo chake pia. Mzigo ukirundikwa nyuma ya tela, ulimi wake hutaka kuinuka, na tela huyumba huku na huku barabarani. Ukirundikwa mbele mno, gari huketi kwa nyuma, magurudumu ya mbele yakawa mepesi, na usukani usitii vema. Katika kona za Kibosho au Machame, dereva asiyetiiwa na usukani ana jambo zito.

Na mlima wenyewe una hesabu yake. Kutoka Moshi mjini, kwenye kimo cha mita 800 na kitu, hadi lango la Marangu, ni kupanda kiasi cha mita 1,000. Injini isiyo na taboo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa huzidi kuwa nyepesi; yenye taboo hupoteza kidogo. Walakini kupanda si shida kubwa: gari likishindwa litasimama. Shida ni kuteremka. Mwenye kukanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi Himo huzipasha moto mpaka zikaacha kushika, na nyuma yake tela linamsukuma. Gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko kuanza.

Tuje kwenye kiungo chenyewe. Tela la kisasa hushikwa kwa tufe la chuma lililo kwenye gari, na kikombe kilicho kwenye ulimi wa tela hulifunika. Tufe la kawaida katika Ulaya na nchi nyingi lina kipenyo cha milimita 50. Lile la Kimarekani la inchi 2 ni milimita 50.8. Kwa macho hayatofautiani, na kikombe cha inchi 2 hukaa juu ya tufe la milimita 50 kama kwamba ni chake, kisha kikacheza njia nzima. Tufe na kikombe vinunuliwe pamoja, na namba zake zisomwe.

Kisha minyororo miwili ya usalama, kutoka tela hadi kwenye chuma cha kuvutia, ipishane chini ya ulimi. Kiungo kikichomoka, ulimi huangukia juu ya minyororo badala ya kuchoma lami, na tela hubaki na gari. Hii ni bei ndogo kuliko kitu chochote katika orodha ya muuzaji, na sisi twaihesabu ya kwanza. Tela likichomoka mlimani halina dereva wala honi, na pembezoni mwa njia hizo hizo ndipo wanapopita watoto wetu kwenda shule na chuoni. Taa za nyuma za tela nazo ziwe zinafanya kazi, na soketi yake ifungwe na fundi wa umeme wa magari. Tela husajiliwa na kupewa namba yake. Na mwenye bima aulizwe kwa maandishi kama bima ya gari yafika hadi kwenye tela.

Ndugu hawa wameuliza pia juu ya kukwama katika utelezi wa masika. Hapo twawaonya kwa nguvu: tufe la tela si la kunasulia gari. Gari lililozama likivutwa kwa kishindo, tufe laweza kukatika na kuruka kama risasi, na watu wamekwisha kuuawa hivyo. Kamba ifungwe kwenye ndoano za kunasulia zilizofungwa katika chasisi, kwa pingu za chuma zilizoandikwa uzito wake, na watazamaji wakae mbali.

Ama winchi ya umeme, ambayo muuzaji ameitia katika bei ile moja, tungeiondoa kwa sasa na fedha yake tukaitia katika breki za tela. Nunueni kamba nzuri ya kunasulia na pingu mbili, mpite nazo masika moja, kuanzia Machi hadi Mei. Mkiona mmekwama mara nyingi pasipo jirani wa kuwavuta, winchi yaweza kufungwa hata baadaye.