Haki ya Mdhulumiwa Kabla ya Meza ya Mazungumzo

Mazungumzo kati ya Waislamu na wafuasi wa dini nyingine yana msingi ndani ya Kurani yenyewe. Aya ya 64 ya Sura Aal Imran inamwamuru Mtume Muhammad (S.A.W.) awaite Watu wa Kitabu kwenye neno linalozikutanisha pande zote mbili. Aya hiyo ndiyo iliyoupa jina waraka wa wazi uliotolewa tarehe 13 Oktoba 2007 na wanazuoni 138 wa Kiislamu, ukielekezwa kwa viongozi wa makanisa ya dunia nzima. Walitia saini Masunni, Mashia na Maibadhi, akiwemo Mufti Mkuu wa Oman, Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, mzaliwa wa Zanzibar.

Waraka huo ulitokana na machungu. Tarehe 12 Septemba 2006, katika mhadhara aliotoa kwenye Chuo Kikuu cha Regensburg, Papa Benedikto wa 16 alinukuu maneno makali ya mfalme mmoja wa Bizanti dhidi ya Mtume. Ghadhabu zikazagaa katika nchi nyingi, na kwingine zikageuka fujo. Mwezi mmoja baadaye wanazuoni 38 walimwandikia Papa wakimsahihisha hoja kwa hoja, na mwaka uliofuata ndipo wakaja hao 138 na waraka mrefu zaidi, ulioandaliwa chini ya Taasisi ya Kifalme ya Aal al-Bayt ya mjini Amman. Hoja yake kuu ni kwamba kumpenda Mungu mmoja na kumpenda jirani ni amri zinazopatikana katika Uislamu na katika Ukristo. Majibu yalikuja mengi. Wasomi wa Kikristo waliokusanywa na Chuo Kikuu cha Yale walijibu kwa waraka wao, na Novemba 2008 wajumbe wa pande mbili walikutana Roma. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukapitisha pendekezo la Mfalme Abdullah wa Pili wa Jordan la kutenga wiki ya kwanza ya Februari kila mwaka kwa maelewano ya dini.

Heshima ya waraka ule haina shaka. Ulijibu tusi kwa hoja, na haukumtaka Mkristo auache Utatu wala Mwislamu ailegeze Tauhidi. Upungufu wake uko mahali pengine: sehemu inayomhusu jirani ni fupi mno ikilinganishwa na ile inayomhusu Mungu. Unataja kwamba haki na uhuru wa dini ni sehemu ya kumpenda jirani, kisha unapita. Haufafanui jirani huyo akiporwa mali, akifukuzwa kwenye ardhi yake au akishushwa garini kwa sababu ya jina lake, Mwislamu ana deni gani kwake. Na hilo ndilo swali ambalo mtu wa kawaida, asiyejua Regensburg iko wapi, hukutana nalo maishani. Jibu lake linapatikana katika sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, tena katika tukio la kabla ya utume.

Mfanyabiashara mmoja wa kabila la Zubaid kutoka Yemen alifika Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikuraishi, alizinunua na akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo mjini. Alikwenda kwa koo zilizofungamana na mdaiwa wake, wakamfukuza. Basi akapanda mlima Abu Qubais asubuhi, Makuraishi wakiwa wameketi mabarazani pao karibu na Al-Kaaba, akapaza sauti kueleza dhulma aliyotendewa. Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, alisimama na kusema jambo hilo haliachiki. Koo kadhaa zilikutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakala chakula, kisha wakaapa kwamba yeyote atakayedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, watakuwa pamoja naye mpaka arudishiwe haki yake. Wakatoka pale pale, wakaenda kwa Al-As na kuichukua mali ya mgeni. Kiapo hicho hujulikana kama Hilful-Fudhul.

Muhammad alikuwepo, kijana wa miaka kama 20. Waliokuwa wameketi naye walikuwa watu wa masanamu. Hapakuwa na aya moja wala msahafu wa kuwaunganisha. Hata hivyo, baada ya kupewa utume, baada ya masanamu yale yale kuwa adui wa ujumbe wake, alisema kwamba asingekubali kukibadilisha kikao kile na ngamia wekundu, mali ya thamani kuliko zote kwa Mwarabu wa zama zile, na kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile ndani ya Uislamu angeitika. Ibn Is'haq, mwandishi wa sira, anasimulia pia kwamba miaka mingi baadaye Hussein bin Ali, mjukuu wa Mtume, akigombana na gavana wa Madina juu ya mali, alitishia kusimama msikitini na kuita kwa jina la kiapo hicho. Watu wakubwa wa mji waliposikia walisema watasimama naye, na gavana akatoa haki. Kiapo kilichoapwa na washirikina kilikuwa bado kinafunga shingo za Waislamu.

Tukio hili lina uzito kuliko linavyopewa katika mijadala ya dini. Linaonyesha kwamba ushirikiano na asiyekuwa Mwislamu hausubiri itikadi zifanane, wala haudai zipunguzwe. Kinachohitajika ni dhulma inayojulikana, mtu aliyedhulumiwa, na watu walio tayari kutoka nje ya nyumba walimokutana kwenda kumtetea. Mkataba wa Madina wa mwaka 622 uliendeleza mwelekeo huo kwa maandishi: Mayahudi na dini yao, Waislamu na dini yao, na pande zote kusaidiana dhidi ya atakayeushambulia mji. Kwamba baadaye palitokea ugomvi na vita kati ya Waislamu na makabila ya Kiyahudi ya Madina ni kweli, na hakuna sababu ya kuificha. Mkataba wenyewe ulitambua kwamba anayevunja ahadi anajidhuru nafsi yake. Azimio la Marrakesh la Januari 2016, lililowakutanisha wanazuoni mamia juu ya haki za jamii ndogo za kidini katika nchi zenye Waislamu wengi, liliuchukua mkataba huo kuwa kielelezo cha uraia.

Wapo Waislamu wanaopinga mwelekeo huu, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanataja aya zinazokataza kuwafanya wasiokuwa Waislamu kuwa wandani na walinzi, hasa ya 51 ya Sura Al-Maida. Sura Al-Mumtahina inajibu kwa kutofautisha. Aya yake ya nane haiwakatazi waumini kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwafukuza majumbani mwao; ya tisa inaelekeza katazo kwa waliofanya hivyo. Imepokewa katika Bukhari kwamba Asma, binti wa Abu Bakr, alijiwa Madina na mama yake, mwanamke mshirikina, wakati wa mkataba na Makuraishi. Asma hakujua la kufanya. Akamuuliza Mtume kama amuunge mama yake, naye akamwamuru amuunge. Mmoja wa wapokezi wa hadithi hiyo alisema aya ya nane ilishuka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mfano wa kwanza wa hukumu hii ni mama aliyesimama mlangoni kwa binti yake.

Tarehe 21 Desemba 2015 hukumu hiyo ilipimwa kaskazini mwa Kenya. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Njia hiyo ilikuwa na kumbukumbu mbaya: Novemba 2014, katika kaunti ya Mandera, watu 28 walishushwa kwenye basi na kuuawa baada ya kutenganishwa na Waislamu. Aprili 2015 utaratibu ule ule wa kuchagua watu kwa dini ulitumika katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambako waliuawa watu 148. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na abiria wakawaambia wapiganaji kwamba wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliopigwa risasi; alifariki Nairobi mwezi uliofuata akiwa katika matibabu.

Hakuna aliyekuwa ameandaa semina ndani ya basi lile. Abiria wale hawakuulizana nani anaamini nini juu ya Isa. Walifanya walichofanya watu wa nyumba ya Ibn Jud'an, kwa gharama kubwa zaidi, na kwa kufanya hivyo waliijibu fiqhi ya wauaji kwa fiqhi iliyo sahihi: kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na asiye na hatia haondolewi hifadhi hiyo na jina lake.

Mengi ya maisha ya pamoja Afrika Mashariki hayafikii ukali huo. Hupimwa buchani na shuleni. Katika sehemu kubwa ya Tanzania imekuwa desturi ya miaka mingi kwamba anayechinja ni Mwislamu, ili nyama moja iliwe na kijiji kizima, harusini na msibani. Hakuna aliyeiandika wala kuijadili. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mabishano juu ya nani achinje yaligeuka mapambano na mchungaji akauawa. Kumlaumu Mkristo aliyeuliza kwa nini asichinje mwenyewe hakutoshi. Alikuwa na swali halali, na swali halali lisipopata pa kujibiwa hujibiwa barabarani. Mwislamu naye hakuwa mikono mitupu. Sura Al-Maida, aya ya tano, inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na mafakihi wana mjadala mpana juu ya masharti yake. Mjadala huo ungeweza kuletwa mbele ya kamati ya kijiji mapema. Uliachwa vitabuni.

Kuna pia manung'uniko yaliyo makubwa kuliko ya bucha. Waislamu wengi wa Tanzania wanalalamikia makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa juu ya huduma za elimu na afya, wakiona yameegemeza msaada wa dola upande mmoja. Wakristo nao wana yao, hasa kashfa zilizotolewa dhidi ya Biblia katika mihadhara ya hadharani tangu miaka ya 1980, na makanisa yaliyochomwa Mbagala Oktoba 2012 baada ya tukio la kuvunjiwa heshima Kurani. Mikutano mingi ya viongozi wa dini huyaepuka mambo haya kwa kuogopa kuharibu hali ya hewa, ikatoka na tamko la amani ambalo kila mtu angeweza kuliandika kabla hajafika. Kwa kipimo cha Hilful-Fudhul hilo ni kosa. Kikao kile kiliitishwa kwa sababu ya lalamiko, na deni lilitajwa pamoja na jina la mdaiwa.

Upande wa pili wa wajibu wa pamoja ni dunia yenyewe, ambayo Kurani inamweka mwanadamu ndani yake kuwa khalifa na kumbebesha amana. Wanazuoni walilitaja hilo kwa upana katika Azimio la Kiislamu la Istanbul juu ya Tabianchi, Agosti 2015. Mfano wa karibu ni mkongwe zaidi. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, kwa kuwa matumbawe yake yalikuwa yanaharibiwa na uvuvi haramu, ukiwemo wa baruti. Makatazo ya serikali peke yake hayakuwatosha wavuvi. Shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza, IFEES, wakafanya kazi na masheikh wa Pemba kulifikisha somo misikitini na madrasani kwa lugha ya amana, israfu na haki za viumbe. Wavuvi, ambao wengi wao hukiheshimu kisiwa hicho kwa masimulizi ya Nabii Khidhri kuswali pale, walilipokea kama jambo la dini yao.

Misali inafundisha jambo ambalo mikutano ya dini huelekea kulipuuza. Mwislamu hutekeleza wajibu wa wote kwa nguvu zaidi anapoutoa katika sharia yake mwenyewe, na Mkristo kadhalika katika Injili yake. Matamko yanayotafuta maneno yasiyo na dini yoyote ndani yake, ili kila mtu aridhike, humwacha mvuvi bila sababu ya kutupa baruti. Samaki wanaookolewa Misali hawaulizwi ni wa nani wanapofika soko la Wete au Tanga.

Kutokana na hayo, kazi iliyo mbele ya madrasa na vyuo vya Kiislamu inaonekana wazi. Hilful-Fudhul husomeshwa kama kisa cha ujana wa Mtume, husimuliwa katika maulidi, kisha hufungwa. Kinapaswa kuingia katika somo la fiqhi pamoja na kisa cha Asma na Mkataba wa Madina, kikifundishwa kama hukumu yenye masharti, mipaka na matumizi ya leo: nani anayeruhusiwa kuapa na nani, juu ya dhulma gani, na nini kifanyike mwenza asiye Mwislamu anapoita. Imamu anayehitimu bila kuweza kuyajibu maswali hayo atapelekwa katika kamati ya amani ya wilaya, atakaa kando ya padri na mchungaji, na atakuwa na dua tu ya kufungulia kikao.