Mchoro Asilia na Wajibu Wetu

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufika mahali fulani katika masomo yake akaingiwa na simanzi. Hufahamishwa kwamba mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, mmojawapo wa miswada mikongwe zaidi ya ushairi wetu, umehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Na kwamba miswada iliyokusanywa na W. E. Taylor na William Hichens imo London. Anayetaka kuiona karatasi yenyewe hana budi kutafuta viza. Basi tunalalamika darasani, tunawalaumu waliotutangulia kwa kuziachia hazina zile ziondoke, kisha kipindi kinakwisha nasi tunakwenda zetu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kosa hilo lingali linatendeka, na safari hii watendaji ni sisi. Kinachoondoka sasa ni michoro na vinyago vya wasanii wetu walio hai, nasi tunavitazama vikienda.

Mwaka jana nilinunua mchoro mdogo wa rangi za maji katika jumba moja la sanaa jijini Nairobi. Unaonyesha wanawake wawili wakichambua mboga mlangoni. Mmoja ameinama, mwenzake ameinua uso kana kwamba ameitwa. Bei yake ilikuwa shilingi 6,000, nami nililipa kwa awamu tatu kwa ridhaa ya mwenye jumba. Mwenzangu tunayeishi naye alistaajabu. "Ndugu yangu," akaniuliza, "si ungeupiga picha kwa simu, ukauchapisha kwa shilingi hamsini?"

Swali lile lilikuwa la haki, na linastahili jibu. Kwanza, sisi wanafasihi tunajua tofauti iliyopo baina ya mswada na kitabu kilichochapishwa. Mswada huonyesha mkono wa mwandishi: wino ulipokolea, neno lilipofutwa, ubeti uliopachikwa pambizoni. Mchoro asilia nao ni hivyo hivyo. Ukiusogelea mchoro wangu utaona mstari wa penseli chini ya rangi: yule mwanamke wa pili hapo awali aliinama kama mwenzake. Mchoraji aligeuza nia, akamwinua uso. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoupa mchoro maana, nayo hayaonekani kwenye picha ya simu. Pili, zile shilingi hamsini humfikia mwenye mashine ya kuchapisha. Mchoraji hapati hata ndururu. Usione vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda hana budi kula.

Inashangaza kwamba sisi, miongoni mwa watu wote, ndio tuliojitenga na majumba haya, ilhali kadhaa kati yake yalijipa majina ya lugha yetu. Elimo Njau na wenzake walipoanzisha jumba lao Nairobi mwaka 1965 waliliita Paa ya Paa, jina linalocheza na maana mbili za neno moja: mnyama na kitendo cha kupaa. Baadaye likafuata Gallery Watatu, lililoitwa hivyo kwa kuwa waanzilishi wake walikuwa watu watatu. Mwaka 1995 ikaja Kuona. Mhadhiri wa semantiki angeweza kuyafundishia majina hayo muhula mzima. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuvuka vizingiti vya majumba hayo?

Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa walikuwa wageni. Kazi za Richard Onyango na Kivuthi Mbuno, kwa mfano, ziliingia katika mkusanyiko wa Jean Pigozzi huko Ulaya. Sisemi kwamba wanunuzi hao walitenda dhuluma. Walilipa, na fedha zao zilimwezesha msanii kununua rangi na kusomesha watoto wakati ambapo sisi tulikuwa tukimwona kama mtu asiye na kazi. Aibu ni yetu. Aliyepewa nafasi ya kununua akakataa hawezi kudai baadaye kwamba ameporwa.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali na makumbusho. Ni kweli kwamba taasisi zina wajibu wao, lakini tusisahau kwamba mwaka 1997 moto uliiteketeza Paa ya Paa na kazi nyingi zilizokuwamo. Hazina iliyowekwa chini ya paa moja huweza kupotea kwa usiku mmoja. Kazi zilizotawanyika katika nyumba mia moja, zikiwa na wenyewe wanaozijali, haziteketei zote kwa pamoja.

Wapo pia watakaosema kwamba ukusanyaji ni anasa ya matajiri. Hawa nawakumbusha habari za Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Alianza kukusanya vitabu kuhusu Afrika akiwa uhamishoni Uingereza katika miaka ya 1950, kabla hajashika cheo chochote katika serikali ya Kenya huru. Mkusanyiko wake ulibaki nchini, na leo sehemu yake inaonekana katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Sikatai kwamba karo na kodi ya nyumba huja kwanza. Mwanafunzi asilale njaa kwa ajili ya mchoro. Lakini wengi wetu tutaajiriwa, tutajenga, na kuta zetu tutazipamba kwa mabango ya maporomoko ya maji ya nchi tusizozijua. Gharama ya mabango kadhaa na fremu zake hukaribia bei ya mchoro mdogo wa karatasi uliotiwa sahihi na aliyeuchora.

Anayenunua na afanye jambo moja zaidi, ambalo sisi wanafasihi tunaliweza kuliko wengine. Aulize jina la msanii, mwaka wa kazi na kisa chake, kisha ayaandike hayo kwa Kiswahili na kuyahifadhi pamoja na stakabadhi. Wanakili wa kale walikuwa wakiandika mwishoni mwa mswada jina lao na tarehe. Bila maandishi hayo tusingejua kuwa mswada ule wa Hamburg ni wa mwaka 1728. Mchoro usio na habari zake ni yatima.

Napendekeza, basi, kwamba chama chetu kiandae ziara moja kila muhula katika jumba la sanaa lililo karibu, na kwamba wanachama wachange, haba na haba, wanunue kazi moja kila mwaka ya kutundikwa katika ofisi ya chama. Katika miaka kumi tutakuwa na michoro kumi. Mwanafunzi atakayekuja baada yetu ataitazama bila kuomba viza.