MAONI: Wosia si wa wazee pekee, kijana tafuta wakili mapema

Wiki moja baada ya kumzika rafiki yangu, pikapu ilisimama nje ya nyumba aliyokuwa amekodi Roysambu. Saa mbili hazikuisha kabla ya friji, televisheni, kamera zake mbili za kazi na hata mtungi wa gesi kupakiwa. Msichana aliyeishi naye kwa miaka minne alibaki ameketi kwenye godoro, asijue aanzie wapi.

Jamaa alikuwa na miaka 31, kazi yake kupiga picha za harusi. Alikuwa amenunua ploti ndogo upande wa Juja. Nusu ya pesa ilitoka kwa mpenzi wake, lakini karatasi zote zilikuwa na jina moja tu, la marehemu. Kwenye Sacco, fomu ya mrithi aliyoijaza alipojiunga bado ilikuwa na jina la ex wake wa chuo. Tuliposikia hilo tulicheka kidogo, kisha kila mtu akanyamaza.

Waliokuja na pikapu hawakuwa wezi. Ni baba na wajomba waliokuwa na uchungu kama sisi, na waliamini kwamba mali ya mtoto wao ni yao. Ukweli mchungu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, sheria iko upande wao. Rafiki yangu hakuacha wosia, mke anayetambulika wala mtoto. Mtu wa aina hiyo akifa, Sheria ya Urithi, ambayo imetumika Kenya tangu Julai 1981, inatazama wazazi kwanza, kisha ndugu. Mpenzi wa kuishi naye hayumo kwenye orodha hiyo.

Ndiyo maana nasema kijana yeyote mwenye kazi, akaunti ya Sacco au mtu anayempenda anafaa kuketi na wakili wa masuala ya urithi sasa, si akifika miaka 60.

Najua jibu utakalonipa. "Mimi nina nini cha kurithiwa? Nina simu na madeni ya Fuliza." Hebu hesabu vizuri. Kuna hisa za Sacco, pesa za NSSF na pensheni ya kazini. Kuna ile ploti mliyonunua na wenzako wa chama, pikipiki, na salio la M-Pesa. Wengine wana chaneli ya YouTube inayoingiza pesa kila mwezi, au sarafu za kidijitali ambazo neno lake la siri analijua yeye pekee. Mali ya kizazi chetu haionekani kama ng'ombe boma la babu. Imefichwa ndani ya simu na nyuma ya PIN. Mwenyewe akiondoka bila kusema iko wapi, hakuna anayejua. Serikali hata iliunda mamlaka maalumu ya kusimamia mali ya kifedha isiyodaiwa, na yaliyorundikana huko ni mabilioni ya shilingi.

Kuna wanaosema kuongelea kifo ni kukiita. Sawa. Lakini bima ya gari umelipa, na hujaita ajali.

Tena wale wanaoishi njoo-tukae wasikilize kwa makini zaidi. Zamani wengi walitegemea korti iseme kwamba mkikaa pamoja muda mrefu, basi ni ndoa. Januari 2023, Mahakama ya Juu ilibana sana mlango huo. Ilisema watu wanaweza kuishi pamoja bila nia ya kuoana, na anayedai ndoa ana kibarua kizito cha kuithibitisha. Kwa hivyo miaka minne ya kupikiana na kulipa kodi pamoja si cheti. Kama unataka mwenzako apate kitu, andika.

Usidhani elimu pekee inakuokoa. S.M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri Nairobi. Alifariki Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mjane wake, Wambui Otieno, na ukoo wa Umira Kager wakavutana kortini kuhusu mahali pa kumzika, na mwili ukakaa hifadhini hadi Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, Siaya. Ni kweli matakwa ya mazishi hayaibani korti kama ugavi wa mali unavyoibana, lakini karatasi yenye saini yake ingekuwa na uzito kuliko kumbukumbu za watu zinazogongana.

Utajiri nao hauokoi. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta, alifariki 1981 bila wosia. Familia yake ilipigania mali hiyo kortini kwa zaidi ya miaka 30. Kuna watoto waliozaliwa, wakasoma na wakaoa kesi ikiendelea.

Sasa tuje kwa wakili. Nitasema ukweli: sheria haikulazimishi uwe naye. Mtu yeyote mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia kwenye karatasi, akatia saini mbele ya mashahidi wawili nao wakatia zao. Basi kwa nini ulipe?

Kwa sababu kuna mitego ambayo Google haitakuonyesha mpaka umenaswa. Ukimfanya dadako shahidi na pia umemwachia ploti, zawadi yake inaweza kubatilika kwa sababu hakukuwa na mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Ukiandika wosia leo kisha uoe mwaka ujao, ndoa hiyo inaufuta, isipokuwa kama wosia wenyewe ulisema uliandikwa ukitarajia kumuoa mtu huyo. Ukimnyima mtoto wako au mtu mwingine ambaye sheria inamtambua kama tegemezi wako, korti inaweza kumpa sehemu. Na ile sauti ya WhatsApp uliyomtumia mpenzi wako saa nane usiku, "nikienda, kila kitu ni chako", si wosia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na kwa raia wa kawaida unafaa tu ikiwa aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu.

Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na wosia una mpaka wa thuluthi moja ya mali. Kama wewe ni wa Mombasa, Lamu au Eastleigh na hiyo ndiyo imani yako, tafuta wakili anayeijua Mahakama ya Kadhi, si yule atakayekunakilia fomu ya jirani yako Mkristo.

Kumpata wakili mzuri kunataka macho. Mnakumbuka 2023, nchi nzima ilipozungumza kuhusu kijana aliyedaiwa kujifanya wakili akisimamia kesi kortini? Basi usione aibu kuuliza. Ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili nchini, LSK, utafute jina lake uone kama ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huu. Suti na ofisi ya ghorofa ya saba si cheti.

Ukishaketi, muulize ameshughulikia kesi ngapi za urithi. Wakili hodari wa kesi za ajali anaweza kuwa mgeni hapa. Muulize ada yote ni ngapi na akuandikie kabla ya kuanza. Muulize wosia halisi utawekwa wapi na nani ataambiwa ulipo, maana wosia usiopatikana hautamsaidia mtu. Akianza kukusukuma umwachie mali yeye, au akatae kukupa nakala, chukua begi lako uondoke.

Wengi siku hizi watakuuzia amana ya familia, hasa baada ya sheria ya wadhamini kufanyiwa marekebisho 2021. Amana ni kitu kizuri ukiwa na watoto wadogo, nyumba za kukodisha au biashara unayotaka iendelee. Mali inawekwa mikononi mwa wadhamini, nao wanaisimamia kwa faida ya unaowataja. Lakini mwenye kiploti kimoja na pikipiki, wosia unamtosha. Na amana ni nzuri kama wadhamini wake tu. Njenga Karume, aliyefariki 2012, aliacha mali yake chini ya amana, na bado baadhi ya warithi walienda kortini dhidi ya wadhamini. Wakili mwaminifu atakuambia hilo kabla hajakutajia bei.

Pesa ni kikwazo, sikatai. Lakini wengi wetu tumewahi kumaliza mshahara Naivasha kwa wikendi moja na Jumatatu hatukufa. Kama kweli huna, LSK huwa na wiki ya uhamasisho wa sheria kila mwaka, ambapo mawakili hutoa ushauri bila malipo. Kituo cha Sheria pia husaidia wasiojiweza, na FIDA husaidia wanawake. Na kuna kazi ambayo haihitaji hata senti: nenda kwenye Sacco yako, HR na NSSF, uangalie nani ameandikwa kama mrithi. Kama ni ex, badilisha leo.

Turudi Roysambu. Kuchukua vitu vya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Yule msichana aliambiwa hivyo na wakili, akiwa amechelewa. Alikataa kuripoti. "Nitampelekaje polisi mzee ambaye amemzika mtoto wake juzi?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Ninalojua ni kwamba rafiki yangu alimpenda, na alimheshimu babake. Karatasi mbili tatu zingewakinga wote wawili wasigombane. Alikuwa akisema ataandika akishamaliza kujenga. Ploti ya Juja hadi leo ina rundo la mawe na mabati matano, na hakuna anayeweza kuiuza wala kuijenga.