Acheni Kuniuliza Inakimbia Ngapi

Leo siandiki kuhusu programu wala simu mpya. Leo ni pikipiki. Ila nyinyi wa kompyuta msikimbie, maana ugonjwa ninaotaka kuusema ni ule ule.

Tangu ninunue Suzuki V-Strom 650, kila ninaposimama naulizwa maswali mawili: "Ni cc ngapi?" na "Inakimbia ngapi?" Steji ya Karurumo ni hivyo, kituo cha petroli pale Embu mjini ni hivyo, hata mlinzi wa ofisini kwetu Nairobi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: "Ukifika, mgongo unakuwaje?" Na mimi nasema hilo ndilo swali la kwanza kwa kila anayenunua pikipiki, awe anakwenda Meru mara moja kwa mwezi au anabeba abiria kutwa nzima.

Mnakumbuka vita vya gigahezi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Intel iliuza Pentium 4 kwa namba moja tu, kasi ya prosesa. Ikapanda, ikapanda, ikafika gigahezi 3.8 ikiwa inachemka kama jiko. Mwaka 2004 mpango wa gigahezi 4 ukafutwa. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, gigahezi chache, kazi nyingi zaidi. Tuliokuwa tukinunua namba ya kwenye boksi tukajifunza kwamba namba siyo kazi.

Basi cc ndiyo gigahezi ya pikipiki. Inaandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, ni rahisi kulinganisha, na haikwambii chochote kuhusu saa ya tatu ya safari. Muuzaji anakupa mzunguko wa dakika tano nyuma ya duka. Katika dakika tano hakuna pikipiki mbaya, kama vile hakuna programu mbaya kwenye demo. Ubaya hujitokeza mtumiaji anapokaa nayo siku nzima.

Nyumbani kwetu ni Karurumo, upande wa Runyenjes. Kutoka Nairobi unapita Thika, Makutano, mashamba ya mpunga ya Mwea, Embu, halafu ndipo unaanza kunusa nyumbani. Ni kama kilomita 150. Kwa miaka kadhaa nilikwenda na pikipiki ya 150 cc, ya aina ile inayojaa kwenye kila steji. Ilikuwa inafika, sikatai. Lakini nikishuka vidole vinawasha kama nimeshika upupu, na kufuli ya geti naifungua kwa mikono miwili. Safari ya kwanza na hii mpya nilifika Karurumo, nikanywa chai, nikajikuta bado nina hamu ya barabara. Nikaendelea hadi Meru.

Wengi watasema, "Bila shaka, 650 cc!" Hapana. Barabara ile ile, mwendo ule ule wa kilomita 80 kwa saa. Nguvu ya ziada sikuitumia. Kilichobadilika ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoitwa cc.

Kwanza, upepo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 100, upepo unaokusukuma kifuani unakaribia mara tatu. Bila kioo cha mbele, mikono yako ndiyo kamba inayokuzuia usianguke nyuma, saa nzima bila kupumzika. BMW walilielewa hili zamani: R 100 RS ya mwaka 1976 ilitoka kiwandani na bodi kamili ya kukata upepo, iliyopimwa kwenye handaki la upepo. Mimi nina kioo kidogo tu, kinachopandishwa na kushushwa kwa spana. Kinatosha.

Pili, mtetemo. Injini ya silinda moja ina pistoni moja inayopanda na kushuka bila mwenzake wa kuituliza. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 83 kila sekunde inayopita kwenye usukani na kuingia kwenye mifupa yako. (Msijaribu kuipima kwa simu. Kihisi kinachosoma mara 100 kwa sekunde hakiwezi kuona sawasawa kitu kinachozidi mara 50.) Injini yangu ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V la nyuzi 90, na mpangilio huo hufuta sehemu kubwa ya mtikisiko. Tena ina gia sita, kwa hiyo kwenye 80 inanong'ona wakati ile ndogo inapiga kelele.

Tatu, kukaa. Kiti, pedeli za miguu na usukani hufanya pembetatu, na mwili wako ndio unaokunjwa kuingia ndani yake. Kijana mmoja wa boda pale Karurumo alikibonyeza kiti changu akashangaa: "Mkubwa, mbona ni kigumu hivi?" Ndiyo, kigumu! Sponji laini ni tamu dukani, lakini baada ya saa moja imelala yote na umekalia bati. Sponji imara na pana hugawa uzito wako hadi mwisho wa safari.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kuna watakaosema raha ni mambo ya matajiri, mwanaume havunjwi na pikipiki. Ukitoka Karurumo ukaelekea Meru, unapita Chuka halafu unashuka kwenye daraja la Nithi. Kila mtu wa huku analijua. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafariki. Sisemi uchovu ndio uliowaua. Nasema kwamba anayetoka Nairobi anaufikia mteremko ule baada ya saa kadhaa barabarani, na ndipo anapohitaji vidole vinavyohisi breki na macho yasiyochoka. Mtu mwenye ganzi mikononi ana breki mbovu, hata kama breki zenyewe ni mpya.

Na mimi ni wa safari ya mara moja moja. Yule kijana wa boda je? Anaamka kabla ya jua na kulala gizani, juu ya silinda moja, bila kioo, na gunia nyuma. Ulaya kuna agizo namba 44 la mwaka 2002 linalomlinda mfanyakazi dhidi ya mitetemo: mikononi, wastani wa saa nane ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba, mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndiyo mwisho. Kwetu, Sheria ya Trafiki inataka kofia ngumu, koti linaloakisi mwanga na abiria mmoja tu. Ni vizuri. Kuhusu kinachoingia mikononi mwa dereva kwa saa kumi na mbili, kimya. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo ili vijana wapate kazi. Kazi walipata. Kifaa cha kazi hakikuwahi kupimwa kama kifaa cha kazi.

Sitaki kila boda awe na V-Strom. Ina uzito unaozidi kilo 200, itamfilisi na itamshinda kwenye tope la mvua ya Aprili. Ninachotaka ni kidogo: kioo kifupi cha upepo, vyuma vizito kwenye ncha za usukani vya kupunguza mtetemo, na kiti chenye sponji ya maana. Hakuna teknolojia ya roketi hapo. Wanaounganisha pikipiki hapa nchini waweke kipimo cha mtetemo kwenye karatasi ile ile wanayoandika cc. Sacco zinazonunua pikipiki nyingi kwa pamoja zikidai hivyo, zitasikilizwa. Na wauzaji wa pikipiki za umeme, mbona mnatangaza mafuta tu? Mota haina pistoni. Hiyo ni zawadi kwa mikono ya dereva, na mnaificha.

Mpaka hayo yatokee, wewe mnunuzi una silaha moja. Ukienda dukani, ikatae ile demo ya dakika tano. Omba saa nzima, kwenye barabara kuu. Ukirudi, toa simu na uandike ujumbe mrefu kwa mtu unayemheshimu. Vidole vikikosea kila neno, mrudishie muuzaji ufunguo wake.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kompyuta. Endesheni salama.