Usiku wa njiani, nani anaulipa?

Kwenye machimbo tunagombana kila siku juu ya bei ya kilo. Mizani, unyevu, asilimia ya kasiteriti, bei ya London: hayo yote mchimbaji wa Kalima ama wa Kailo anayajua kuliko mutu wa ofisi. Lakini kuna kitu kimoja kinakatwa ndani ya ile bei na hakiandikwi mahali popote. Ni usiku wa njiani. Mutu aliyebeba mali analala wapi, anamlipa nani ili alale, na asubuhi anaamuka na nini mukononi? Kwangu mimi hii iko swali ya sindika kabisa.

Wenzetu wa Ulaya wanaiona kama swali ya utalii. Kule kuna watu, wengi wao wazee wa pensheni, wanaotembea na gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Wafaransa wanaliita camping-car. Miji midogo imewatengenezea viwanja. Unaegesha, unachota maji safi, unamwaga maji machafu mahali pake, unalala, asubuhi unaenda. Mahali pengine ni bure, pengine ni euro chache. Meya hafanyi vile kwa huruma: anajua kwamba mutu aliyelala kwake atanunua mkate na nyama kwake. Japani nao walianza mwaka 1993 vituo vya kando ya barabara vinavyoitwa michi-no-eki. Leo vimepita 1,200. Gari linasimama bure, choo kiko wazi usiku kucha, na wakulima wa pale wanauza mboga na matunda yao hapohapo.

Sisi pia tuko na camping-car zetu. Kamio moja inayotoka Kindu inalaza watu ishirini: shofere ndani ya kabine, boi wake chini ya shasi amejifunika bashi, wamama wauzaji juu ya mifuko ya chumvi, na motari aliyeharibikiwa akiegemea gurudumu. Kiwanja ndicho hakuna.

Njia tunaijua. Mji wetu umekatwa na Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande huu, Alunguli upande ule, na barabara ya kwenda Kalima inaanzia Alunguli. Bac ikisimama, mzigo unavuka kwa pirogi, ama unangoja. Ukingojea ngambo, usiku wako wa kwanza umeshaanza na hujatembea hata kilometa moja. Kutoka pale mpaka Kalima ni kama kilometa 100. Wakati wa jua unaweza kufika siku ileile. Mvua ikinyesha, potopoto moja inatosha: kamio ya kwanza inazama, za nyuma zinajipanga, na watu wanahesabu siku. Nimelala chini ya kamio mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijaona hata mara moja mahali ambapo leta au kampuni ilisema: hapa msafiri alale kwa amani.

Kulala njiani huku hakukuanza jana. Hata Kiswahili tunachoongea kilifika Maniema kambi kwa kambi, pamoja na misafara ya Tippu Tip na wenzake kutoka pwani mpaka Kasongo na Nyangwe. Tusisahau tu ni watu gani walilala na minyororo shingoni ndani ya zile kambi. Wabelgiji wakaleta gîte, ama jiti kama wazee wetu walivyotamka: nyumba ya wapita njia, yenye kitanda na maji, kwa ajili ya administratere, daktari na wakubwa wa kampuni. Wanakijiji ndio walioijenga na kuifagia, kwa lazima. Mwenye kubeba mzigo alilala nje. Kwa hiyo mutu akiniambia kwamba «zamani ilikuwa muzuri», namuuliza: muzuri kwa nani?

Lakini barabara yenyewe, kwa kweli, ilitunzwa. Symétain na wengine walihitaji bati itoke. Mwaka 1976 kampuni zile ziliunganishwa kuwa SOMINKI, mwaka 1997 SOMINKI ikafa na SAKIMA ikazaliwa, na kati ya ile mazishi na ile uzazi hakuna aliyebaki na jembe la barabara. Jiti zikaanguka, majani yakaota mu sebule. Wazungu wenyewe wakipita huku walilala kwa mapadri au kijijini. Kisangani, miaka ya 1980, watalii waliovuka Zaïre na makamio waliweka mahema yao kwenye Hôtel Olympia. Mwaka 2004 mwandishi Mwingereza Tim Butcher alitoka Kalemie mpaka Kindu kwa moto, akipitia Kasongo na Kibombo, akategemea watu wa mashirika ya misaada na ukarimu wa vijiji. Ukarimu wa vijiji vya Maniema naujua, ni mukubwa. Haujatosha kwa kamio kumi zilizozama pamoja.

Kwa nini ninaleta hii maneno sasa? Kwa sababu ya vita. Goma ilichukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Kavumu na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa. Maniema ilizoea kuuza na kununua kupitia miji hiyo miwili. Ndege ndogo ilipeleka mali asubuhi na kurudi na sabuni, dawa na vipuri. Mlango ule ukifungwa, mzigo unatafuta njia ya chini: Kalemie na Kasongo, Lubutu na Kisangani, ama treni ya SNCC kutoka Lubumbashi, ambayo nayo watu wanailalia stesheni bila kujua siku itakayofika. Safari iliyokuwa ya saa moja hewani imekuwa ya siku nyingi ardhini. Vita haikuchimba shimo hata moja Kalima, lakini imetuongezea usiku.

Tufanye hesabu. Hii ni mfano wangu tu, kila mutu aweke namba zake. Tuseme kamio inabeba tani 5 na kila usiku wa ziada unakula dola 100: chakula cha timu, mlinzi, «kahawa» ya wenye bunduki, siku ya gari iliyopotea. Usiku nne ni dola 400. Gawanya kwa kilo 5,000: senti 8 kwa kilo. Negosia mukubwa hatalia. Sasa chukua motari mwenye kilo 100 nyuma yake. Usiku mbili, dola 15 kila usiku, ni dola 30, yaani senti 30 kwa kila kilo. Na mama mwenye mifuko mbili ya chumvi? Ukimkata dola 10 usiku mmoja, faida yake imekwisha. Unaona mzigo unaangukia wapi: usiku wa njiani ni bei rahisi kwa mukubwa na ni ghali kwa mudogo. Na mudogo naye hawezi kuubeba peke yake. Anaushusha kwa mchimbaji akinunua, anaupandisha kwa bibi ya mchimbaji akiuza. Sisi tunaulipa mara mbili, ku mizani na ku soko.

Kuna tena bei isiyohesabiwa kwa dola. Magaribi ikifika, mutu wa akili hapiti porini, anasimama palipo na watu. Palipo na watu ni barieri. Kwa hiyo barieri ndiyo jiti yetu ya leo: unalala pale kwa sababu kamba imefungwa, na kwa sababu mbele unaogopa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, wa Antwerp, walihesabu barieri 798 ndani ya Kivu mbili. Hiyo hesabu haikugusa Maniema, lakini sisi hatuhitaji mtafiti atuambie. Mwenye kushika kamba anajua kwamba kadiri unavyochelewa ndivyo unavyokuwa laini. Na mama anayelala pale, bila choo, bila taa, bila mlango, analipa kwa njia ambayo akifika nyumbani haisemi. Sindika yetu ya wanaume imenyamaza juu ya hii muda mrefu mno.

Najua jibu la wengine: jenga kituo, utaleta pombe, uzinzi na wezi. Woga huo hauko bure. Kenya, katikati ya Nakuru na Eldoret, kuna mahali panaitwa Salgaa. Makamio ya masafa marefu yalianza kulala pale yenyewe, bila mpango, na jina la Salgaa likajulikana kwa ukimwi, ajali na mafuta ya kuibwa. Lakini angalia kilichofuata: shirika la North Star Alliance liliweka kliniki ndani ya konteneri kando ya barabara, Salgaa na kwingine, inayofunguliwa saa za jioni, wakati shofere amesimama. Makamio yatalala tu, upende usipende. Kinachobaki kuchagua ni kama yatalala gizani ama mahali penye maji, taa na nesi. Walio na jamaa Katanga waulize mashofere wa Kasumbalesa, wanaopanga foleni siku kadhaa na shaba mgongoni, wanapika ugali kando ya gurudumu.

Sasa tunataka nini? Si hoteli. Uwanja wenye ua na geti moja. Maji. Vyoo, vya wanawake mbali na vya wanaume, na mlango unaofungwa kwa ndani. Hanga yenye mikeka, taa za jua, mlinzi wa usiku, na bango lenye bei kwa herufi kubwa. Wamama wa kijiji wauze wali, sombe na samaki pale, pesa ibaki pale. Kimoja Alunguli kwa wanaongoja kuvuka, kimoja katikati ya njia ya Kalima, halafu tuone.

Pesa? Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, article 242, inagawa redevance hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% sekta, shefferi ama komine pale madini yanapotoka, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% inaingia pale kampuni yenye titre inapolipa. Panapochimbwa kwa mkono tu, tusijidanganye. Kampuni inadaiwa tena 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Tumeona hizo pesa zikigeuka ofisi na matao ya kukaribisha wakubwa. Choo cha msafiri hakikatiwi riboni, labda ndiyo sababu. Na kuna FONER, iliyoundwa kwa sheria ya 2008, inayokusanya kwenye mafuta na peaji ili kutunza barabara. Kila lita ya mafuta inayochomwa kati ya Kindu na Kalima imeshachangia. Haki ya kuuliza tuko nayo.

Hatari kubwa ninayoiona ni nyingine. Siku uwanja utakapofunguliwa, wiki ya pili kutakuwa na meza mlangoni, wiki ya tatu meza tano, kila moja na risiti yake. Jiti yenye meza za leta ndani ni barieri yenye paa. Ndiyo maana ufunguo wa geti hauwezi kukaa kwa sekta wala kwa kampuni. Mimi napendekeza ukae kwa kamati ya watu wanne: mmoja wa kooperative ya wachimbaji, mmoja wa wamama wauzaji, mmoja wa mashofere na mamotari, mmoja wa kijiji, na daftari la mapato lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Kooperative zetu mbili ninazozifahamu zimeshakubali kuzungumza. Mashofere wanataka kwanza kujua nani atalipa mlinzi mvua ikikata njia na hakuna gari inayoingia mwezi mzima. Ni swali la haki, na jibu lake bado tunalitafuta.