Tukichangia operesheni ya India, tuchangie na miezi ya baadaye



Leo naomba tuzungumzie jambo linalozigusa familia zetu nyingi: kumpeleka mgonjwa India.

Sote tunajua linavyokwenda. Ujumbe unaingia kwenye simu kwamba mama wa fulani ana tatizo la moyo, madaktari wamesema apasuliwe, ndugu wameamua aende India, na fedha zinahitajika haraka. Wa Tensta anatuma kwa Swish, wa Södertälje anatuma, wa Botkyrka anatuma, na kwenye sherehe bahasha inazungushwa. Baada ya wiki mbili tatu fedha zinatimia. Mgonjwa anapanda ndege, anapasuliwa, na tunaletewa picha yake akiwa amekaa kitandani anatabasamu. Tunamshukuru Mungu, na mchango unafungwa.

Maoni yangu ni kwamba mchango huo unafungwa mapema mno. Unafungwa siku ile ile ambayo nusu ya pili ya matibabu inaanza, na nusu hiyo haina bajeti, haina msimamizi, na mara nyingi haina hata karatasi za hospitali. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa India pamoja na nchi zetu za Afrika zinaonyesha kwamba kazi ya daktari wa upasuaji ni sehemu tu ya safari ya kupona.

INDIA TUIPE HAKI YAKE

Sisemi kwamba India ni pabaya. Kwa miaka mingi Serikali ya Tanzania imekuwa ikipeleka huko wagonjwa wa rufaa, na wengi wamerudi wazima. Hospitali kubwa za Chennai, Bengaluru na New Delhi hufanya upasuaji wa moyo kila siku, na mkono unaofanya kazi kila siku unazoea. Bei nazo ni nafuu ukilinganisha na Ulaya. Pia tukumbuke kwamba Försäkringskassan hailipii matibabu uliyojipangia mwenyewe nje ya Ulaya, kwa hiyo hata mkazi wa Sweden anayeamua kwenda India anajilipia.

Kuna sababu nyingine ya kuisikiliza India. Ugonjwa wa valvu za moyo unaoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni, ule unaoitwa wa rumatiki, ni nadra sana kwa wazaliwa wa Sweden. Kwao India upo, na kwetu Afrika Mashariki upo. Kwa hiyo utafiti wa madaktari wa India kuhusu ugonjwa huo unamhusu mama yako wa Mwanza au Kisumu kuliko utafiti uliofanywa kwa wazee wa Ulaya.

KIDONDA KINA SIKU 30

Tuanze na kidonda chenyewe. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uitwao ChEETAh, uliofanywa katika hospitali 81 za nchi saba: India, Rwanda, Benin, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Mexico. Walishiriki wagonjwa 13,301 waliopasuliwa tumbo. Swali lilikuwa rahisi: je, madaktari na wauguzi wakibadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, vidonda vitaharibika kidogo? Jibu ni ndiyo. Kwa utaratibu wa kawaida, wagonjwa karibu 19 katika kila 100 walipata maambukizi ya kidonda. Glovu na vifaa vilipobadilishwa, walikuwa 16.

Mwaka mmoja kabla, mwaka 2021, utafiti mwingine wa nchi hizo hizo saba, wenye wagonjwa 5,788, ulipima nyuzi za kushonea zilizopakwa dawa na dawa ya ngozi ya bei kubwa zaidi. Havikuleta nafuu kuliko vile vya kawaida. Glovu safi zikasaidia, vitu vya gharama havikusaidia. Hilo tulikumbuke tunapoletewa ankara ndefu.

Huo ulikuwa upasuaji wa tumbo, tusiuhamishe hivi hivi kwenye moyo. Lakini angalieni jambo moja: watafiti waliwafuatilia wagonjwa mpaka siku ya 30. Walijua kwamba kidonda kinaweza kuharibika mtu akiwa ameshatoka hospitali. Sasa mgonjwa wetu siku ya 30 yuko wapi? Pengine ameshapanda ndege, yuko kijijini, na anayemfunga bandeji ni mjukuu. Kidonda kikianza kutoa usaha, hakuna anayejua ampigie nani.

BAKTERIA ALIYEFIKA SWEDEN

La pili linatuhusu moja kwa moja sisi tunaoishi hapa. Mwishoni mwa mwaka 2007 mkazi mmoja wa Sweden mwenye asili ya India alilazwa New Delhi. Aliporudi Sweden mwanzoni mwa 2008, hospitali ilimkuta na bakteria wasiosikia hata antibiotiki zile kali zinazowekwa akiba kwa ajili ya hali mbaya. Wanasayansi, akiwemo mmoja wa Karolinska hapa Stockholm, walichunguza na kukuta aina mpya ya kinga ya bakteria. Waliipa jina NDM-1, herufi mbili za mwanzo zikisimama kwa New Delhi, na wakachapisha matokeo yao mwaka 2009. Mwaka 2010 ripoti nyingine iliwataja wagonjwa wa Uingereza waliokuwa na bakteria wa aina hiyo, na baadhi yao walikuwa wametibiwa India au Pakistan.

India ilikasirika kwa jina hilo, na kwa kweli bakteria hana pasipoti. Mwaka 2011 ilichapishwa kwamba bakteria wenye NDM-1 walikuwa wamepatikana pia kwa wagonjwa wa Nairobi. Leo wako sehemu nyingi duniani. Kwa hiyo simnyooshei mtu kidole. Ninachosema ni hiki: ukilazwa hospitali yoyote ya nje ya Sweden, iwe India, Dar es Salaam au Uturuki, kisha ukaenda hospitali hapa, sema. Watakuchukulia vipimo vya kuangalia bakteria sugu. Huo si ubaguzi wala si kudhalilishwa. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kulaumiwa kwamba walikwenda kutibiwa nje. Ukificha, daktari anaweza kukupa antibiotiki isiyofaa wakati unazidiwa, na wa kitanda cha jirani anaweza kuambukizwa.

DAWA YA KUZUIA DAMU KUGANDA: USITUME KUTOKA HAPA KWA KUBAHATISHA

La tatu ndilo linalonifanya niandike leo.

Mgonjwa aliyewekewa valvu ya chuma anatakiwa kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Dawa hiyo ni warfarini, ambayo hapa Sweden wengi tunaijua kwa jina la Waran. Ina usumbufu wake. Inataka damu ipimwe mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR, ili ijulikane kama dozi imezidi au imepungua. Ikizidi, mtu anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda kwenye valvu na mtu anaweza kupata kiharusi.

Hapa Stockholm wazee wengi wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wanapewa dawa mpya zaidi, kama Eliquis au Xarelto, ambazo hazihitaji kupimwa INR. Ndipo linapokuja wazo: kwa nini tusimtumie mama dawa hizi za Ulaya, tumwondolee adha ya kwenda kupima?

Ndugu zangu, msifanye hivyo. Mwaka 2013 ilichapishwa kwamba jaribio la dawa mpya ya kundi hilo, Pradaxa, kwa watu wenye valvu za chuma lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa dawa mpya walipata zaidi damu kuganda na pia kuvuja damu.

Na kwa wale wenye moyo wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, hata kama hawana valvu ya chuma, mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa uitwao INVICTUS. Miongoni mwa waandishi wake ni daktari wa hospitali ya AIIMS ya New Delhi, Ganesan Karthikeyan, na wagonjwa walitoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wagonjwa 4,531 waligawanywa karibu nusu kwa nusu: wengine walipewa dawa iliyomo kwenye Xarelto, wengine dawa za kundi la warfarini. Wengi walitarajia dawa mpya itafanya vizuri angalau sawa na ya zamani. Ikawa kinyume. Waliopata kiharusi, matatizo mengine makubwa ya moyo na mishipa, au kufariki walikuwa 560 upande wa dawa mpya, na 446 upande wa dawa ya zamani. Waliofariki pia walikuwa wengi zaidi upande wa dawa mpya.

Hapo ndipo unapoona faida ya kuwachunguza wagonjwa wanaofanana na wetu. Tafiti kubwa za mwanzo zilizozipa sifa dawa hizi mpya ziliwaacha nje wagonjwa ambao valvu yao imebana sana kwa sababu ya rumatiki. Dawa ya zamani na ya bei ndogo ndiyo iliyomlinda mgonjwa, lakini inataka kupimwa.

Naomba nieleweke: wewe uliyeko Stockholm ambaye daktari wako amekuandikia Eliquis au Xarelto, usiiache kwa sababu ya makala hii. Yako imeandikwa kwa hali yako. Ninachokataza ni kumtumia mtu mwingine dawa yako.

Kwa anayetumia warfarini kuna mambo matatu ya nyumbani. Mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Haina maana aziache, ila ale kiasi kile kile, asile wiki moja sufuria nzima na wiki nyingine asiguse. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kuvuja damu, kwa hiyo asinunue bila kumwuliza daktari. Na dada ambaye bado anataka kuzaa azungumze na madaktari kabla ya operesheni kuhusu aina ya valvu, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

NA FIGO PIA

Hesabu ni ile ile kwa anayepandikizwa figo. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya humezwa kila siku maadamu figo hiyo inafanya kazi. Zikikosekana kwa muda tu, figo inaweza kufa, na jasho la watu mia limepotea. Tena sheria ya India, iliyoanza mwaka 1994 na kukazwa baadaye, hairuhusu mgeni kupewa figo ya Mhindi asiye ndugu yake wa karibu. Akitokea mtu anawaambia kwamba mtoaji atapatikana huko huko kwa fedha, kimbieni. Huo ni uhalifu.

TUFANYE NINI BASI

Mimi napendekeza kwamba kabla hatujatuma hata krona moja, familia ijibu maswali haya:

1. Je, operesheni hii haifanyiki nyumbani? Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, inafungua moyo na kubadilisha valvu. Uganda ina taasisi yake ya moyo Mulago, na Kenya kuna Kenyatta na Tenwek kule Bomet. Ikiwezekana nyumbani, daktari aliyempasua atakuwa karibu siku kidonda kikileta matatizo.

2. Hospitali ya India imefanya operesheni ya aina hii mara ngapi mwaka jana, na wangapi walipata maambukizi au kufariki? Hospitali nzuri haikasirikii swali hilo.

3. Atakaa huko siku ngapi baada ya operesheni, na nani atakuwa naye? Chumba na chakula viingie kwenye hesabu.

4. Akirudi, daktari gani atamwona, na INR atapimia wapi? Jina na namba ya simu vijulikane kabla ya ndege kuondoka.

5. Dawa za mwaka mzima ni shilingi ngapi, na nani atalipa?

6. Nani atatunza karatasi? Ripoti ya operesheni, aina ya valvu, orodha ya dawa na majibu ya vipimo vyote vipigwe picha na kuhifadhiwa na watu wawili.

Kisha mchango ugawanywe: fungu la safari na operesheni, na fungu la mwaka wa kwanza baada ya operesheni. Fungu la pili lisiguswe kwa jambo jingine.

Najua wapo watakaosema kwamba mgonjwa akiwa hoi hakuna muda wa maswali. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kukusanya fedha kunachukua wiki, na katika wiki hizo kuna muda wa kupiga simu sita. Wengine watasema kwamba kuulizia fedha za baadaye ni kutomwamini Mungu. Mimi naona kupanga dawa za mwakani ndiyo kuamini kwamba mwakani mgonjwa atakuwepo.

Kwa mkazi wa hapa aliyetoka kutibiwa nje: ukipata homa, kidonda kikivimba au ukiishiwa pumzi, usingojee. Piga 1177 kwa ushauri, mchana au usiku, na kwa hali ya hatari piga 112. Peleka karatasi zako vårdcentral mapema, ukiwa bado mzima.

Haya ni maoni na elimu ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari wako. Mwenye mgonjwa anayekwenda India mwezi huu amtumie ndugu anayesimamia safari maswali hayo sita leo.