Si kila mara dawa ni feki

Msimu uliopita mama alipulizia dawa ya magugu, ndago zikabaki zinameremeta. "Feki hii," akasema, akaongeza dozi. Hela ikaenda, ndago zikabaki.

Jamani, feki zipo, lakini jani la ndago lina nta. Dawa iliyochanganywa na maji hujikunja matone na kudondoka kabla haijapenya. Kukiwa na ukame, nta huwa nene zaidi. Ndiyo maana gugu hupuliziwa likiwa changa, na lebo huelekeza kama dawa iongezewe kitu cha kuifanya inate.

Sisi walimu watarajiwa tunaenda fildi kukaririsha "kutikula" tu. Mwanafunzi adondoshee jani la kabichi maji, kisha maji ya sabuni. Tofauti ataiona mwenyewe, na nyumbani ataisimulia.